Fundi Bomba Ajichunguza Moyo

Jumatatu, 3 Machi

Mchungaji ametupa kazi. Sisi wawili tunaowania uzee wa kanisa, mimi na Seremala, tujichunguze mioyo wiki nzima. Tuandike makosa yetu ya kweli, bila kupaka rangi. Jumapili kila mmoja atasimama mbele ya waumini aseme alichokiona ndani yake. Kisha kura.

Wiki nzima! Mimi namaliza leo.

Nimekaa mezani nikaandika. Ninajituma kazini kupita kiasi. Ninawahurumia watu mno. Unyenyekevu wangu huwakwaza wenzangu. Mke wangu kasoma akiwa nyuma ya bega langu, kauliza kama hiyo ni orodha ya dhambi au barua ya kuomba kazi. Nimemshauri ajichunguze yeye.

Jumanne, 4 Machi

Kuna jambo moja dogo. Dogo sana. Naliandika hapa tu, si kwenye lile daftari la kumpa Mchungaji.

Ijumaa iliyopita nilibadilisha koki katika chumba cha nyuma ya kanisa, panapotunzwa majoho ya kwaya na daftari la ubatizo. Nilikuwa na haraka. Maombi yalikuwa yanaanza na nilitaka kuwahi kiti cha mbele kabla Seremala hajakikalia. Nati ya chini sikuikaza. Nikajiambia nitarudi. Sikurudi.

Jumamosi asubuhi maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Majoho yalichuja rangi, kwaya nzima sasa ina madoadoa. Daftari la ubatizo limevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Aliyefunga chumba hicho ni mjane anayetunza funguo za kanisa. Tunamwita Bibi Funguo. Watu wakasema ameacha koki wazi. Mimi sikusema hivyo! Nilipoulizwa kama fundi, nilisema tu kwamba mikono na kumbukumbu za mtu mzima si za kutegemewa. Kauli ya kitaalamu. Basi.

Leo nimesikia kamati itakaa Jumamosi kumwondoa. Miaka kumi na tisa ameshika funguo hizo. Anaishi kwenye chumba cha uani mwa kanisa. Akiondoka kazini, anaondoka na chumbani.

Usingizi hauji. Labda ni chai ya jioni.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Spana yangu kubwa haionekani. Nimepekua sanduku mara tatu. Nimeiacha chini ya sinki kanisani, nina hakika. Ina herufi za jina langu, nilizichonga mwenyewe, kwa kujisifu. Akiiona mtu chini ya ile nati, atajua kazi niliiacha nusu, na nimekwisha.

Mbinu: nimemwendea Bibi Funguo, nikamwambia nataka kuomba peke yangu katika chumba cha nyuma. Kanifungulia. Kaniletea kiti. Kisha kaleta na cha kwake! Kasema mtu asiombe peke yake.

Aliomba yeye. Alimwomba Mungu amwonyeshe kama kweli aliacha koki wazi, maana anakumbuka kabisa aliifunga, lakini watu wote wanasema hapana. Baada ya amina akanishika mkono. “Mwanangu,” akasema, “naanza kukiogopa kichwa changu. Jana nimerudi mara nne kuangalia kama nimezima jiko.”

Nimeitikia kitu. Sijui nini. Jicho moja lilikuwa chini ya sinki. Spana ipo! Mpini unaonekana! Nilipoanza kuinama, Seremala akaingia na futi yake kupima rafu mpya. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi asubuhi. Nimelala kifudifudi sakafuni, mkono hadi begani chini ya sinki. Nimeshika buibui. Nimeshika kitu chenye ubaridi nisichotaka kukijua. Spana hakuna.

Hakuna!

Mtu wa mwisho humo ni Seremala. Mchana nimepita karakana yake kama mpita njia. Alikuwa anapiga randa huku akipiga mluzi. Mtu asiye na siri hapigi mluzi namna ile. Kanisalimia vizuri. Vizuri mno.

Sijala. Mke wangu kauliza kuna nini. Nimemwambia ninajichunguza. Kasema sura hii si ya mtu anayejichunguza, ni ya mtu anayechunguzwa.

Ijumaa, 7 Machi

Seremala kaja kwangu saa mbili asubuhi na kifurushi cha gazeti. Ndani, spana. Nikakalia ndoo.

Kasema hatamwambia mtu. Si kazi yake. Ila kamati inakaa kesho saa nne, na yeye hana neno zaidi. Akaondoka.

Hatamwambia mtu! Anataka nini huyu? Nijitoe kwenye kura? Nimemfuata hadi karakana, nikajitolea kumtengenezea bafu bure. Kasema bafu lake ni zima. Nikasema basi jikoni. Kaweka randa chini. “Ndugu yangu,” akasema, “mimi sitaki kitu kwako.”

Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Jioni nimejifunza jibu la kesho mbele ya kioo. “Chanzo cha maji hakijabainika.” Nimelisema mara ishirini. Kila mara ninamwona yule mama akirudi kuangalia jiko.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Kamati ya watu saba, meza ndefu. Bibi Funguo amekaa karibu na mlango, kavaa gauni lake la ibada, funguo zote mapajani. Mwenyekiti kaniuliza mbele ya wote: koki iliachwa wazi au haikuachwa?

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Bibi Funguo akasimama. Akasema wasinisumbue. Pengine ni yeye kweli. Hajiamini tena, na mtu asiyejiamini asishike funguo za nyumba ya Mungu. Akaja taratibu, akaziweka mezani.

Zilipogusa meza, nikajisikia nasema, “Nati.”

Mwenyekiti akauliza nati gani.

“Ya chini. Sikuikaza. Ni mimi.”

Yakatoka yote. Haraka yangu, kiti cha mbele, spana, kauli ya kitaalamu. Mwenyekiti akavua miwani. Mzee mmoja akaguna kwa hasira, na ninamwelewa. Bibi Funguo hakunitukana. Aliuliza jambo moja, mara mbili: “Kwa hiyo niliifunga?”

“Uliifunga, mama.”

Akakaa. Akalia kwa sauti, kama mtu aliyerudishiwa kitu. Mwenyekiti mwenyewe akamrudishia funguo mikononi na kumwomba radhi.

Nami nililia. Machozi halisi. Watu watano waliyaona.

Jumapili, 9 Machi

Nimesimama mbele ya kanisa zima nikarudia. Hata watoto wamesikiliza. Bibi Funguo kasema kwa sauti amenisamehe. Mchungaji kanikumbatia.

Seremala kakiri kwamba siku alipookota spana alifurahi, na alikaa na furaha hiyo siku mbili nzima kabla ya kuniletea. Maneno mawili, akakaa.

Kachaguliwa yeye. Mimi kura nne. Mojawapo ni yangu. Mke wangu kasema yake kampa Seremala, kisha kanishika mkono njia nzima hadi nyumbani. Moyo mwepesi! Sijawahi kuwa hivi. Sitaki tena cheo chochote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Sisemi kwa kujisifu, lakini katika kanisa letu hakuna aliyewahi kutubu kama mimi. Toba ya Seremala ilikuwa fupi na kavu. Hata chozi hakutoa! Kipaji kama changu kuachwa kikae bure ni kosa.

Nitaanzisha darasa la toba kila Jumatano, mimi nikiwa mwalimu. Ili wasipate taabu kuanza, nimewaandikia makosa yao tayari. Waumini thelathini na mmoja. Mchungaji nusu ukurasa. Mwenyekiti ukurasa mzima. Seremala kurasa tatu, na bado nakumbuka mengine.

Mke wangu kapitia majina yote kwa kidole, kauliza ukurasa wangu uko wapi.

Ajabu ya swali! Tangu lini mwalimu akafanya mtihani?