Niko Juu, Kwari ya Mugutha

Jumatano, 6 Agosti

Emmaculate ameenda. Si kwao Kakamega, hapana. Ameenda kwa dada yake Githurai 45, kwa hivyo matumaini yapo. Mwanamke aliyenichoka kabisa angepanda basi la mbali. Amesema atarudi siku nitakapokuwa na kazi inayoeleweka. Nikamkumbusha mradi wa sungura. Akanikumbusha sungura waliishia wapi. Nikamtajia ule wa mafuta ya parachichi. Akafunga sanduku.

Sawa. Kazi inayoeleweka nitaipata, na mke wangu nitamrudisha. Nyumba imenyamaza vibaya. Mfereji wa jikoni unadondoka peke yake, ule alionisihi niutengeneze tangu Krismasi. Nimeuwekea sufuria.

Alhamisi, 7 Agosti

Wazo! Tena kubwa!

Muriithi wa ng'ambo ya barabara kila wikendi anapeleka wageni Maporomoko Kumi na Nne na Ol Donyo Sabuk kwa ile pikipiki yake, halafu anajiita mtaalamu wa utalii. Mtaalamu gani! Na sisi wa Ruiru tuna nini? Mawe. Nairobi imejengwa kwa mawe yetu, tukaachiwa mashimo. Basi hilo shimo la hapa Mugutha, kwari ya zamani ya kuchimbia mawe iliyojaa maji ya kijani, limekaa tu bure. Kuta ndefu, ukungu wa Agosti, na kimya ambacho hata ndege hawakipendi. Nimeandika bango: ZIARA ZA KWARI. MENEJA: GERISHON.

Nikapita kwa Shosho Magdalene, bibi mzee aliyekuwa akiwauzia wachonga mawe uji, anipe historia kidogo ya kuwaambia watalii. Kumbe anayo! Anasema kabla ya kulipua baruti, nyapara alikuwa akisimama ukingoni na kuita majina. Kila aliyekwisha kupanda aliitika mwenyewe, "Niko juu!" Asiyeitika, watu walishuka kumtafuta. Wakiitika wote, utambi uliwashwa. Siku moja likaitwa jina la Muema, mchonga mawe. Rafiki yake akadhani Muema ametoroka mapema kwenda kunywa, akamwitikia ili asikatwe mshahara. Basi hakuna aliyeshuka. Baruti ikafungua chemchemi, maji yakapanda, na Muema hakuonekana tena.

Hapo Shosho alinishika mkono kwa nguvu. Akanionya nisiite majina pale hata kwa mchezo. Aliyeitikiwa na mwingine hatafutwi tena na mtu yeyote, alisema, na Muema bado yuko chini, anangoja jina ambalo mwenye jina amechelewa kuliitikia.

Historia tamu namna hiyo, halafu niiache? Nitaita majina kila ziara.

Jumamosi, 9 Agosti

Watalii! Vijana wa kanisa kutoka Gatongora, na Muriithi nyuma yao na helmeti kichwani, amekuja kupeleleza. Ukungu ulikuwa mzito, saa sita mchana ungedhani ni alfajiri. Nimewapanga ukingoni, nikavaa kofia ya nyapara, nikaanza kuita majina yao. Mmoja mmoja wakaitika, "Niko juu!" na kuta zikarudisha. Wasichana walishikana mikono. Safi sana.

Jina langu nikaliweka mwisho, kwa madoido. "Gerishon!" Nikatulia kidogo niwatie hamu. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikaitika kutoka majini.

"Niko juu."

Haukuwa mwangwi. Mwangwi hungoja mtu aseme kwanza. Hii ilikuwa sauti ya mtu mzima, mpole, ana kikohozi kidogo. Maji hayakutikisika hata kidogo.

Makofi! Wakauliza nimeficha spika wapi. Nikasema hiyo ni siri ya biashara. Ukweli ni kwamba spika sina. Muriithi akanivuta kando, akataka kujua nilifanyaje. Nilivyofurahi kumwona amenyenyekea, nikamfundisha: jina lako liite mwisho, na usiwe na haraka ya kuitika.

Wakati wa kuondoka nikakuta nyayo za gamboti kwenye njia, mbichi, nyeupe kwa vumbi la mawe, zinatoka majini na kuelekea barabarani. Mtu ameogelea bila tiketi. Wikendi ijayo naweka ua.

Jumapili, 10 Agosti

Umaarufu ni kitu kizuri. Mama Becky, mwenye ploti ninayopanga, amenipita mlangoni bila kunigombeza kuhusu takataka. Hajawahi! Msichana wa kioski nilimsalimia, "Sasa!" akatazama ukuta nyuma yangu. Aibu tu hiyo, watu wakikutana na mtu mkubwa hukosa la kusema.

Kanisani mama mmoja alitaka kunikalia. Nikaruka. Akaweka mkoba mahali nilipokuwa, akaendelea kuimba.

Jumatatu, 11 Agosti

Ngai!

Asubuhi nimeona status ya Emmaculate kwenye simu. Picha ya mwanamume kwa mgongo, stendi ya Githurai, amebeba sanduku lake. Jaketi ni langu, lile la kahawia lenye kiraka kwapani. Chini ameandika: Gerishon amekuja kunichukua, hakuahidi kitu, Mungu ni mwema.

Gerishon gani? Mimi nilikuwa kitandani!

Nikatazama msumari wa mlangoni. Jaketi halipo. Nikapiga simu, akashika. Nikaeleza yote bila kupumua. Akasema hallo, hallo, akamwambia mtu aliye karibu kwamba hakuna mtu, ni upepo upepo tu. Nikasikia yule mtu akikohoa kidogo. Akakata.

Nikatoka mbio kwenda stendi ya Ruiru, niwangoje pale washuke. Nimesimama hadi jioni, sijawaona. Watu wananikanyaga miguu na hakuna anayesema pole.

Jumatano, 13 Agosti

Nimerudi nyumbani baada ya kuwangoja stendi siku mbili. Ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Nimechungulia dirishani.

Emmaculate alikuwa anapika ugali na kucheka. Haki, nilikuwa nimesahau anavyocheka, anaweka mkono kiunoni kwanza. Na jikoni, ameinama na spana, ni mimi. Uso ni wangu, nywele ni zangu, ila zimelowa. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka mikono ya jaketi hadi sakafuni, na Emmaculate anapitisha kitambaa chini tu, bila kuuliza chochote. Amechoka kuuliza wanaume maswali, nadhani. Mfereji umeacha kudondoka. Tangu Krismasi mimi nasema kesho!

Huyo mimi wa jikoni akageuka. Siku zote hizi hakuna aliyeniona, yeye akaniona moja kwa moja. Akainua mkono kidogo, hivi, kama mtu anayeshukuru akipewa kiti. Hakuna ubaya usoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza. Nililia. Nikagonga kioo kwa ngumi zote mbili. Emmaculate akasema huu upepo wa Agosti, akavuta pazia.

Nimeenda kwa Shosho Magdalene, alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nimepiga magoti mbele yake, nikamwomba anisaidie. Akaacha kupukuchua. Akatazama huku na huku, akaiambia hewa kwamba kama huyo ni Gerishon, yeye alisema na hakusikilizwa. Halafu akajifunika leso mabegani, akaendelea na mahindi yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Sasa nakaa kwari, kwenye ngazi ya mawe ya chini kabisa, miguu majini. Cha ajabu ni kwamba sisikii baridi. Njaa pia imeondoka. Kikohozi kidogo tu.

Na leo, sikilizeni wizi! Muriithi amekuja na watalii. Bango ni langu, herufi ni zangu, amefuta jina langu akaweka lake. MENEJA: MURIITHI. Hata kofia ya nyapara amenunua. Nimekasirika kweli, lakini hasira imenipa akili.

Mpango ni huu. Muriithi akiliita jina lake, mimi naitika kwanza. Basi nimekuwa Muriithi! Napanda juu, nachukua pikipiki, naenda moja kwa moja kwa Emmaculate, namweleza kwamba huyo aliye naye si mumewe, mumewe ni mimi, Muriithi. Ni kweli Emmaculate hajawahi kumpenda Muriithi, alimmwagia maji ya vyombo Pasaka, lakini hilo tutalizungumza. Muriithi mwenyewe atakaa wapi? Huku chini nafasi ipo tele.

Sioni kasoro yoyote. Sungura walikuwa na kasoro, huu hauna.

Ameanza kuita majina. Watu wanaitika vizuri, ukungu umeshuka hadi majini. Jina lake atalitaja mwisho, kwa madoido, na hatakuwa na haraka ya kuitika. Namjua. Nilimfundisha mwenyewe.