Shuka Jeupe na Picha ya Pugi

Wenzangu wa Maposeni, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya watu, tena nikiwa nimejipaka mafuta ya nyonyo hadi visigino.

Naandika mwenyewe, kwa zile herufi chache nilizookota misheni kabla sijachoshwa na mwalimu. (Zimekaa kama nyayo za kuku kwenye majivu. Atakayewasomea avumilie.) Naandika upesi ili mlisikie kwangu kwanza. Mama Rozina, jirani yangu, ana miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Kesho atakuwa huko kwenu.

Mnamkumbuka yule Mdachi wa sanduku la picha? Siyo wa bomani mwenye kiboko. Huyu ni yule mwembamba anayekimbiza ndege, pua imeiva kama pilipili. Tangu mwezi uandame amejichimbia kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba yangu, anawavizia pugi. Nanyi mnawajua pugi walivyo na aibu. Kanjiwa kadogo, ukikohoa tu hakapo. Na tangu Vita vya Maji Maji, tulipokula hata panzi kwa njaa, ndege wa huku wanamwogopa binadamu kuliko mwewe. Mdachi akawa anaambulia picha za majani.

Mimi hawanikimbii. Kila asubuhi nikipepeta ulezi wanakuja hadi miguuni. Nawamwagia kidogo, naongea nao. Naongea nao habari za Nambuya.

Siku nyumba zetu zilipochomwa vitani, Nambuya mwanangu alikimbilia kusini na mjukuu wangu mgongoni, akavuka Ruvuma. Aliuona moto, hakuniona nikitoka upande wa nyuma. Anaamini niliungua humo ndani. Sasa mtu atarudi nyumbani kufanya nini, kama anajua kumebaki majivu? Na alikuwa akimwiga pugi kuliko pugi mwenyewe: du, du, du-du-du-du. Ndiyo maana wakianza kulia asubuhi mimi hutoka mbio, kila siku, kama mjinga. (Kila siku ni ndege.)

Basi asubuhi hii akaja Issa, yule mtu mzima wa Tunduru anayempikia Mdachi na kumtafsiria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bwana wako amepata ndege?"

"Amepata mafua."

Tukacheka. Akaniambia amepewa ruhusa, kesho anakwenda kuwaona shemeji zake ng'ambo ya Ruvuma.

Moyo ukanilipuka paa! Nimeshawatuma wasafiri wengi wakamuulizie Nambuya kwa jina. Wanarudi mikono mitupu. Waliokimbia wamebadili majina kwa woga, na mgeni akiuliza, kila mtu anakuwa hajui kitu. Lakini karatasi yenye uso wangu? Issa aionyeshe tu kwenye kila kijiji atakacholala. Nambuya akiuona uso huu, na mikunjo yake mipya, atajua mama yake yuko hai na bado ana kiburi.

"Mwambie bwana wako nitamletea pugi," nikasema. "Ila na mimi niwemo. Na karatasi moja iwe yangu."

Issa akaenda kibandani, wakazungumza. Nikamwona Mdachi anatikisa kichwa juu chini kama mjusi.

"Amekubali, bibi. Wallahi nimemwambia mara mbili."

Sasa hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Ningekaa na kaniki yangu ya kila siku, ile iliyofanana na udongo, ningekuwa salama. Hapana! Nikaenda kwa Mama Rozina kuazima shuka lake la merikani, jeupe pee, analolivaa Pasaka tu.

"Nakupa," akasema, "ila lionekane lote. Usilikalie!"

Nikajipaka mafuta. Nikavaa shanga. Nikaketi uani pembeni ya ungo, nyuma yangu kihenge cha ulezi na kuku, na nyuma ya vyote hivyo milima ya Matogoro, kila kitu mahali pake. Nikanyoosha mkono chini, ulezi kiganjani, kidole changu kibovu kimesimama juu kama kawaida yake. (Nambuya ndiye aliyekiponda kwa mchi alipokuwa msichana. Tulikuwa tunatwanga, yeye macho kwa pugi. Alilia kuliko mimi mwenye kidole.)

Mdachi akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku lake. Pugi akashuka. Akatazama huku, akatazama huku. Akasogea, akasogea, akapanda kiganjani kwangu!

Na siafu naye akapanda. Kwenye paja. Jamani, yule mdudu aliniuma sehemu ambayo siwezi kuiandika, na mimi sikutikisa hata unyusi. Machozi yananitoka, natabasamu. Nilikuwa namtabasamia Nambuya.

Sanduku likalia tak. Pugi akaruka. Nami nikaruka! Shuka la Mama Rozina likaenda kule, shanga kule, Issa akageuza uso kwa adabu.

Mdachi akachomoa sandukuni kile kioo kinachonasa picha, akaingia nacho kwenye hema la giza. Mimi ningekaa kimya ningekuwa mtu mwenye akili. Badala yake nikazunguka kijiji kizima. "Njooni! Picha yangu inatoka! Kesho inavuka Ruvuma!" Nikawakorogea na togwa. Wakaja na vigoda vyao, Mama Rozina mbele kabisa ili alione shuka lake.

Jua lilipopinduka Mdachi akatoka, anacheka peke yake, karatasi ameishika kwa mikono miwili kama katekista na kitabu. Akanipa mimi kwanza.

Nikaona pugi. Siwezi kudanganya, alikuwa mzuri. Vile vitone vya bawani, unaweza kuvihesabu. Jicho linakutazama. Nikatafuta kihenge. Hakuna. Nikatafuta kuku. Hakuna. Matogoro, milima mizima, hakuna! Nyuma ya ndege ni weusi mtupu kama ndani ya chungu.

Nikaigeuza karatasi. (Ndiyo, nilijitafuta upande wa pili.)

"Issa. Mimi niko wapi?"

Issa akamuuliza. Mdachi akaeleza kwa furaha kubwa, huku anatuonyesha kisu kidogo chembamba.

"Anasema nyuma ya ndege kulikuwa na vurugu," Issa akasema. "Amekwangua kwenye kioo. Amesafisha."

"Vurugu gani?"

Issa akatazama vidole vyake vya miguu. "Kihenge, bibi. Kuku. Na... na kitu kimoja kikubwa cheupe kilichokuwa kinang'aa, kinamzidi ndege."

Kitu kikubwa cheupe!

"Na shuka langu liko wapi?" Mama Rozina akadakia. Akaninyang'anya karatasi, akaitazama, akanitazama. "Ala! Kumbe wewe ndiye huyu mwenye mdomo na mkia? Umependeza, mwenzangu. Mafuta yamekukubali."

Uwanja ukapasuka. Watu walicheka hadi togwa ikawatoka puani. Mdachi naye akacheka, hajui kinachochekwa. Issa akanong'ona kwamba ningekaa na kaniki yangu, bwana asingehangaika na mimi. Nimejipamba hadi nimefutwa!

Mimi sikucheka. Nilikaa palepale chini, juu ya shuka la watu. Kihenge changu cha kwanza Wadachi wenzake walikichoma. Hiki nimekikandika mwenyewe, kwa mikono hii, peke yangu. Naye amekikwangua, anatabasamu, anangoja nimshukuru.

"Mwambie airudishe," nikamwambia Issa. "Sitaki vyote. Uso tu."

"Palipokwanguliwa hapajirudi, bibi."

"Basi apige nyingine."

"Kioo hicho kilikuwa cha mwisho."

Ndipo vicheko vikaanza kupungua. Nadhani waliniona usoni. Wote pale wanamjua Nambuya, na wengi wao wana Nambuya wao.

Mama Rozina alikuwa bado ameshika karatasi. Akaisogeza puani. Akaisogeza mbali. Akaacha mzaha.

"Hebu njoo uone. Huyu ndege amesimama juu ya nini?"

Nikasogea. Chini ya miguu ya pugi kulikuwa na kiganja. Mdachi hakuweza kukikwangua bila kumkata ndege miguu, akakiacha kikaishia kwenye kifundo, kinachomoza gizani peke yake. Punje za ulezi juu yake. Na pembeni, kimesimama wima kama kinamwitikia mwalimu, kidole changu kibovu.

"Hicho kidole," Mama Rozina akasema taratibu, "hata mimi ningekijua popote."

Mtu yeyote anaweza kuwa na uso wa kizee. Lakini kidole kile, na pugi amekaa pembeni yake! Nani mwingine ng'ambo ile atakayeelewa, isipokuwa yule aliyeshika mchi?

Nikaipangusa karatasi kwa ncha ya shuka. (Mama Rozina aliona, akanyamaza. Hilo pekee ni muujiza.) Nikampa Issa.

"Usitaje jina la mtu," nikamwambia. "Usiulize chochote. Onyesha tu, halafu tazama nani ataanza kulia."

Akaifunga kwenye kitambaa safi, akaitia kifuani. "Inshallah, bibi."

Jioni hii nimelifua shuka. Mafuta ya nyonyo hayatoki, na yule mwanamke ameshapita mlangoni mara kadhaa, anajifanya anatafuta kuku. Ya shuka nitayajibu Jumapili. Masikio yangu yako kwenye njia ya kusini, na hata Issa hajaondoka bado.

Basi ndiyo hayo. Nawaomba msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, tokeni nje, geukieni Ruvuma, mcheke kwa nguvu zenu zote, huenda Nambuya akasikia akataka kujua kwetu kuna nini.