Herufi Moja Tu

Nakiri kosa mwenyewe kabla Kinyozi hajalitia chumvi: mimi, fundi umeme mwenye diploma ukutani, nafuatiliwa na binti yangu wa miaka kumi na tatu. Na kazi hiyo nimempa mwenyewe.

Tulikuwa kwenye benchi nje ya saluni ya Kinyozi. Mjomba Redio, ambaye habari isipopita mdomoni mwake huiita uvumi, akasoma kwenye simu: "Wazazi wahimizwa kufuatilia watoto mtandaoni!"

"Wangu nilimnyang'anya simu," Dobi akasema. "Sasa anatumia yangu. Juzi najiona mtandaoni, nacheza na pasi mkononi!"

"Tumekupenda wengi," Mama Vocha akamfariji kutoka kwenye kibanda chake cha vocha.

Kinyozi akapuliza kitana. "Mimi kwa wangu nilijifanya kijana wa rika lake. Nikamwandikia, 'Oya mwanangu, niaje?' Akajibu, 'Shikamoo baba.'"

Nikakohoa kisomi. "Washamba nyie. Mimi nimeweka programu, simu ya binti yangu na yangu zinasomana. Akifungua upuuzi, napata taarifa."

"Umepata ngapi?" Dobi akauliza.

"Hata moja. Hayo ndiyo malezi."

Hapo simu yangu ikalia. Mjomba Redio akaidaka, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Muda wako wa kutumia simu umekwisha. Nenda kasome!"

Benchi likatikisika kwa vicheko. Mama Vocha akaichukua, akaikagua. "Shemeji, hapa ulijaza 'Anayefuatiliwa'. Mwanao ndiye 'Anayefuatilia'."

"Herufi moja tu! Sikuwa na miwani."

"Kupiga na kupigwa nako ni herufi moja," Kinyozi akasema. "Kaiulize ngoma."

"Fundi mzima, umegeuza waya!" Dobi alikuwa anajifuta machozi.

"Chekeni taratibu. Hii kitu inaonyesha mpaka mahali nilipo."

"Kwani ulipo pana nini?" Mama Vocha akauliza.

Nikashusha sauti. Taa ya jikoni kwangu imekufa mwezi mzima. Kila mke wangu akiniuliza, namjibu kazi zimenibana, hata pa kupumulia sina.

Halafu simu ikalia tena, na Mjomba Redio, bila huruma, akaisoma: "'Shikamoo baba. Ripoti ya mwezi imetoka: kazini robo, benchini robo tatu. Mama ameingia sasa hivi, ananiuliza nacheka nini.'"

"Mwenzetu," Dobi akanong'ona, "pole sana."

Kwenye kioo cha simu kulibaki kitufe kimoja tu: 'Omba ruhusa kwa mzazi'. Nikakibonyeza, nikaandika: "Mwanangu, usimwonyeshe mama. Taa naja kuitengeneza." Ikaonyesha imesomwa. Basi.

Dobi akakumbuka ameacha pasi kwenye moto. Mama Vocha akashusha pazia la kibanda. Mjomba Redio akapata simu ambayo haikulia. Kinyozi akaingia ndani, akawasha mashine ya kunyolea, na kiti hakina mtu.

"Jamani," nikaita, "nani anisindikize nyumbani?"