Mbeleko ya Lanyi na Nguruwe wa Buluu

Jumatatu, 2 Septemba

Mjukuu wangu Lanyi anatimiza mwezi Jumapili. Karamu iko kwa wakwe, ng'ambo ya mto. Na mbeleko ya mtoto lazima itoke kwa mama wa mama yake, ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Mama wa mama yake ni Yuexiu wangu. Tulimzika mwaka juzi, wakati wa baridi.

Leo mkwe wangu Guizhi, mama wa mume wa binti yangu, kapiga simu. Nisijisumbue, ameshaagiza ya dukani, ina vifungo vya plastiki. "Mgane kama wewe utashona nini, Baba Yinhua?" Nisijisumbue! Mtoto abebwe kwa plastiki kana kwamba Yuexiu hakuwahi kuishi! Nikamjibu mbeleko ipo.

Haipo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefungua sanduku la Yuexiu. Ipo! Yaani, nusu. Kipande cha katikati alichokitarizi yeye wakati binti yetu Yinhua akiwa bado msichana wa shule: mwezi, na maua madogo kuuzunguka. Mwili haupo, mikanda haipo. Nikalia kidogo. Kisha likaja wazo.

Nitaimalizia mwenyewe kwa siri, niseme Yuexiu aliimaliza kabla hajatuacha. Nani atambishia marehemu? Tatizo ni Fengjiao, shemeji yangu, mdogo wa Yuexiu. Hakuna sindano kama yake kijijini, na mshono wa dada yake anaujua. Nimwombe yeye? Thubutu. Tangu mazishi ananitazama kama mtu aliyemvunjia chungu. Siendi.

Jumatano, 4 Septemba

Nimechovya kitambaa kwenye pipa la nili, rangi ya buluu. Kikishakauka hupakwa ute wa mayai, kisha hugongwa kwa nyundo ya mti mpaka king'ae kama bilinganya. Kazi ya wanawake, na mlio wake kila mtu anaujua. Nikafunga mlango. Nikagonga polepole.

Jirani akabisha. Natwanga nini? Nikasema wali wa kunata, nafanya mikate. Nilijiona mjanja kweli! Kabla ya mchana baraza langu lilijaa watu na mabakuli yao, Fengjiao mbele. Ikabidi nipike mchele wote wa kunata niliokuwa nao, niutwange kweli. Mgongo hauna hali.

Fengjiao alikula minne. Akasema mikate ya mwaka huu ina rangi ya kupendeza. Nikatazama. Ilikuwa ya buluu. Nikatazama mikono yangu, nikaificha mgongoni.

Alhamisi, 5 Septemba

Kushona. Subana ya Yuexiu haiingii hata kwenye kidole changu kidogo. Nimejichoma pasipo idadi. Jioni nikasimama kwa fahari kuitazama kazi yangu, nayo ikasimama pamoja nami. Nilikuwa nimeishonea kwenye suruali.

Ijumaa, 6 Septemba

Jaribio. Mtu hampakizi mjukuu wake kwenye kitu asichokijaribu. Nikamfunga mgongoni mtoto wa nguruwe mwenye uzito wa Lanyi, tukaelekea darajani. Alitulia, hata akasinzia! Manyunyu yakaanza. Nikafurahi, mvua nayo ni jaribio.

Mkanda wa kulia ukaachia. Nguruwe akatimka na mbeleko yote, moja kwa moja hadi kwenye mnara wa ngoma, walikokaa wazee wote wa kijiji. Nikamkamata chini ya benchi. Alikuwa wa buluu, shingo hadi mapaja. Wazee wakauliza. Nikasema ni mbegu mpya.

Hawakucheka mbele yangu. Nilirudi darajani nikaufuta mwezi wa Yuexiu kwa mkono wa shati. Tope lilitoka. Lakini imebaki siku moja, na mimi sijui kufunga hata fundo. Nimeshindwa kumtendea jambo moja tu.

Jumamosi, 7 Septemba

Fengjiao kaja asubuhi. Kanyoosha mkono. "Lete, shemeji."

Nikauliza nilete nini. Akaitazama mikono yangu, buluu hadi kwenye viwiko. "Mficha uchi hazai," akasema. Tangu Lanyi azaliwe alikuwa na sindano tayari, akingoja nimwite. Angewezaje kufungua sanduku la dada yake bila kuambiwa? Alidhani mimi ndiye niliyemkasirikia. Na mimi nilidhani yeye! Miaka miwili hii!

Alifumua kila kitu, akashona upya hadi jioni. Mshono wangu mmoja tu aliuacha, ule uliopinda pale chini. Nikamwambia autoe, aibu. Akasema huo ni wako, acha.

Kisha akaonya: nili haijashika. Kesho itundikwe watu waione, lakini mtoto asifungwe humo mpaka yeye, Fengjiao, aipike kwa mvuke na kuisuuza. Nikasema sawa.

Jumapili, 8 Septemba

Karamu. Guizhi akamtia Lanyi kwenye plastiki yake, ta! ta! Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Ningefanyaje? Nikaitungua mbeleko, nikatangaza kwamba Yuexiu aliimaliza kabla hajafariki. Fengjiao akanikonyeza weee. Nikajifanya sikuona.

Mgongoni kwa Yinhua, Lanyi akanyamaza. Akalala. Nikanywa mabakuli mawili ya pombe ya mchele, nikapokea pongezi kwa niaba ya marehemu.

Kisha wakamfungua. Shavu, tumbo, mapaja: buluu. Guizhi akapiga yowe kwamba mtoto hapumui. Yinhua akamtazama mwanawe. Akaitazama mikono yangu.

"Mama aliimaliza lini, Baba? Jana?"

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Lakini Yinhua alikuwa ameuona mshono uliopinda. Aliupapasa kwa kidole, mwanzo hadi mwisho, huku machozi yakimtoka. Akasema hii haitoki mgongoni kwake, na ya plastiki iwekewe viazi. Akanishika mikono yote miwili mbele ya watu. Sijawahi kufurahi hivi tangu Yuexiu aondoke.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimetafakari makosa yangu. Lilikuwa moja tu: mvua.

Nimemwahidi Yinhua koti la kitambaa kinachong'aa, la mwaka mpya. Nitashona mwenyewe, kwa siri. Fengjiao nisimwambie, atabeba sifa zote. Mayai ninayo. Mlango nimefunga. Wakiuliza, natwanga wali.

Ndiyo kwanza nainua nyundo, sijagonga hata mara moja, Fengjiao yuko barazani na bakuli lake. Anauliza mikate itakuwa tayari lini, na kama safari hii naweza kunawa kwanza.

Sijui nani kamwambia.