Mizani ya Zahanati Yetu Iitwe Barazani

Ha Ramoqapi,
Jumanne, wiki ya pili ya Aprili.

Mheshimiwa Chifu Mojalefa,

Amani iwe kwako, kwa mama mwenye nyumba na kwa ng'ombe wako wote, hata yule mwekundu aliyekula kabichi zangu.

Kichwa changu kiko sawa. Nina miaka themanini na mitatu. Mwezi Januari daktari wa mjini aliusikiliza moyo wangu, akavua vifaa vyake masikioni, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane; swali la namna hiyo najua jibu lake. Kwa hiyo nina haraka. Naomba mizani ya zahanati yetu iitwe barazani, isimame mbele ya wazee, ishtakiwe kwa kutoa ushahidi wa uongo.

Haraka yangu ni hii. Ndugu yangu Khethisa anaishi ng'ambo ya mlima, kwenye malisho ya juu, ambako gari halifiki. Hatujasemezana miaka arobaini na mmoja. Theluji ya mwaka ule iliua kondoo sitini wa baba, nami nilimwambia baba kwamba Khethisa ndiye aliyeacha kuwaingiza zizini. Haikuwa kweli. Zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimelala, kitabu usoni. Baba akamfukuza nyumbani. Nataka kumwambia Khethisa kwa mdomo wangu mwenyewe kabla moyo haujafunga duka.

Kule hufikwa kwa farasi tu, na farasi niliye naye ni Lefube, ambaye kwa umri wa farasi tuko rika moja. Bwana mifugo alimpapasa mgongo akasema, "Ntate, baba yangu, huyu asibebe zaidi ya kilo themanini, tandiko likiwemo. Mkizidisha, atarudi mmoja." Hakusema yupi. Tandiko ni kilo kumi, kwa hiyo mimi na nilichovaa tusizidi sabini. Mwanangu Pheello amelificha tandiko mpaka mizani iseme hivyo. Unaona, Chifu, ni nani aliyenizibia njia.

Mke wa Pheello, 'Maseabata, ndiye muuguzi wa zahanati, na ndiye aliyenipangia chakula. Ananiheshimu kama mila inavyotaka: jina langu halitamki, na usoni hanitazami. Kadi yangu alimpa mama msafishaji, 'Mampho, ambaye aliisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Ntate, mwili wako ukikaa tu kwenye kiti unachoma kalori elfu moja na mia nane kwa siku. Wewe utakula elfu moja na mia tatu. Mia tano zinazopungua mwili utazitoa kwenye akiba yako, hapo tumboni." Foleni nzima ikageuka kuitazama akiba.

Nilikubali. Nilipiga hesabu: mia tano kila siku ni nusu kilo kwa wiki. Wiki kumi na moja zimepita, kwa hiyo nimeondoa kilo tano na nusu. Ubao ungesema hivyo, daftari linasema hivyo. Sasa sikiliza mizani.

1. Haina msimamo. Alhamisi moja asubuhi ilisema sabini na tano. Mchana wa siku hiyohiyo ikasema sabini na sita na nusu. Katikati nilikuwa nimekunywa bakuli la uji mchachu wa mtama na chai. Nilipolalamika, 'Mampho alinijibu, "Maji ya tumboni nayo yana uzito, Ntate. Hayajui kwamba umekasirika."

2. Imekula njama na chumvi. Nilikula vipande vitatu vya nyama kwenye mazishi ya marehemu Ralitapole, kwa heshima ya marehemu, ambaye naye angekula kwenye yangu. Vyote havikufika gramu mia tatu. Kesho yake mizani iliniongezea kilo mbili! 'Maseabata, akiwa ameugeukia ukuta, alimweleza 'Mampho, na 'Mampho akanieleza mimi, kwamba chumvi hushikilia maji mwilini, hasa kwa mwenye moyo kama wangu; si mafuta, na baada ya siku mbili tatu yatatoka. Yakatoka. Lakini shahidi anayebadili maneno yake kila mtu akienda chooni, baraza gani litamwamini?

3. Ina upendeleo. Mchungaji wetu ameshuka kilo nne kwa mwezi mmoja. Ni kweli kwamba yeye huvua hata saa ya mkononi kabla ya kupanda.

4. Inadanganyika. Hapa naungama, maana sitaki kufa na fimbo hii rohoni. Mwezi Februari niliikita fimbo yangu sakafuni, nikaiegemea kidogo. Mizani ikasema sitini na nne, foleni ikapiga vigelegele, na mimi nikapunga mkono. 'Mampho akatazama chini. "Ntate," akasema, "fimbo nayo ipande." Naungama pia maandazi mawili ya tarehe tatu Machi. Yameandikwa daftarini: kalori mia tano na ishirini, na yalikuwa matamu.

5. Haina adabu, na hili ndilo kubwa. 'Maseabata alituma ujumbe kupitia 'Mampho kwamba nivue blanketi kabla ya kupimwa. Foleni iliguna. Mzee Ntšekhe wa baraza alisimama kabisa. "Baba mkwe avue blanketi mbele ya mke wa mwanawe? Basi na yeye avue kitambaa cha kichwa, tuhamie wote porini tukaishi na nyani!" Nilimuunga mkono. Nimepimwa nikiwa nimevaa blanketi, koti na mabuti, kama mtu mwenye watu wake. Baridi ilipoingia nilivaa blanketi zito, na siku hizi mvua inaninyeshea njia nzima. Najua blanketi lina uzito, Chifu, usinifundishe hesabu. Lakini mtu ana haki ya kupimwa pamoja na heshima yake, na mizani iliyolelewa vizuri ingeitoa yenyewe bila kuambiwa.

6. Januari ilisema sabini na sita. Leo imesema sabini na saba. Wiki kumi na moja za mboga za majani, na nimenenepa.

Kwa hiyo naomba mizani itozwe kondoo mmoja. Naomba uamue kwamba tangu leo uzito wa kila mtu mwenye cheti cha ualimu utapatikana kwa hesabu tu. Naomba watoto wote waliopimwa kwa mizani hiyo mwaka huu wahesabiwe kuwa bado hawajakua, hadi ithibitishwe vinginevyo. Na wazee wa baraza wapande mmojammoja mbele ya watu, kuanzia na Ntšekhe, tuone nani atacheka. Pheello anirudishie tandiko langu.

Wasalimie wote walio uani kwako, na anayenikumbuka darasani umwambie nimemsamehe.

Mimi, ninayekuheshimu na kukusumbua,
Phakiso Letlatsa,
Mwalimu Mkuu mstaafu.

N.B. Nimerudi zahanati na Pheello kabla ya kuifunga bahasha. 'Maseabata aliponiona alitoka nje, akasimama kwenye mvua, mgongo kwetu, shali kichwani. Pheello akanivua blanketi, koti na mabuti. 'Mampho akasoma kwa sauti ya kufika nje: "Sitini na saba na nusu!" Huko nje mke wa mwanangu alicheka, miaka kumi na sita yuko kwetu, sikuwahi kukisikia kicheko chake. Tukapima na vile vingine: blanketi lililolowa kilo tano, mabuti mbili na nusu, koti mbili. Jumla tisa na nusu. Januari nilikuwa na blanketi jepesi na viatu, kilo tatu. Daftari langu halikukosea, na mizani haikukosea hata gramu. Mashtaka yote nayafuta, na kondoo nitamtoa mimi.

Tandiko nimepewa. Naondoka Jumamosi, Pheello atatembea kando yangu, akibeba koti na mabuti. Mimi sitini na saba na nusu, tandiko kumi, blanketi likiwa kavu mbili na nusu: themanini kamili. Likilowa, Lefube hatafika. Kwa hiyo nakusihi, Chifu, uwaagize watu wote kwamba wakati wa kuniaga mtu yeyote asinitakie mvua, kama tulivyozoea kutakiana heri. Waseme tu, nenda. Mvua ya kuninyeshea nitaikuta kwa Khethisa.