Krismasi ya Kukaa Kitako

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua! Krismasi ya mwaka huu ni ya kukaa kitako. Mwaka jana nilishinda jikoni, jasho likinitiririka mpaka kisiginoni. Binti yangu muuguzi alitoka zamu akapitia nyumbani, akala, akaondoka. Aliyezungumza naye ni Wifi, dada wa mume wangu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mimi niliambulia kusikia vicheko vyao nikiwa nimekumbatia sufuria. Haitokei tena! Nitanunua kila kitu sasa hivi, bei zikiwa bado zimelala, na siku yenyewe nitakunja miguu na mwanangu. Wifi ameniona nikibeba unga, akaniuliza kama nimepata habari za njaa ambazo yeye hajazipata. Nimemjibu kuwa mwenye akili huanza mapema. Amesema hata mwenye wazimu huanza mapema. Kijicho tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeoka biskuti za majaribio. Tamu! Nikazificha kwenye sanduku, chini ya mashuka. Baba Watoto, ambaye tangu anioe hajawahi kutandika kitanda, leo amejitolea kubadilisha mashuka. Nikasema mume nimepata. Kumbe! Yamebaki makombo. Sikugomba. Biskuti zinazomfundisha mwanamume kutandika kitanda si biskuti, ni dawa. Nimeoka nyingine.

Jumanne, 14 Oktoba

Nikiwa nachambua mchele nimeshtuka. Unga upo, mafuta yapo, sukari ipo. Je, zamu? Nimempigia binti. Amesema kwa upole, Mama, niachie mwenyewe, nitaomba kwa matroni, mkuu wetu wa wauguzi. Mpole mno mtoto huyu. Nimevaa gauni la kutokea, nimebeba biskuti, huyooo hospitali!

Matroni ni mwanamke mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua. Nilimweleza kuwa nimekuja kwa ajili ya Krismasi ya binti yangu. Lakini ombi la mtu mzima halianzi na ombi, huanza na sifa. Nikamwambia mtoto huyu hajui kuchoka tangu yumo tumboni. Kwamba wadogo zake humtii kuliko wanavyonitii mimi. Kwamba kazi ya sikukuu kwake ni kama ngoma kwa wengine. Matroni akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa! Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema nimemsaidia sana. Nimetoka kifua mbele. Niko karibu na nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa neno mapumziko sikulitaja. Si kitu. Mwanamke mwenzangu ataelewa.

Ijumaa, 14 Novemba

Ratiba imetoka. Binti yumo kazini Krismasi, asubuhi hadi jioni. Tena si kazini tu, ni kiongozi wa zamu! Alinipigia, akaniuliza, Mama, ulikuja kazini kwangu? Nikajibu nilipita kusalimia. Akasema matroni alikuwa tayari anampa mapumziko, mpaka alipotokea mama mmoja na biskuti. Akasema wenzake huchongewa kwa majungu, yeye amechongewa kwa sifa.

Nimelia. Nusu kwa uchungu, maana nilimtaka hapa, pembeni yangu, basi. Nusu nyingine, jamani, kiongozi wa zamu! Nimetoka uani nikamtangazia Wifi kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Akaniuliza, sasa wifi yangu, hiyo Krismasi ya kukaa kitako utaikaa na nani? Ana roho ngumu yule.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimepata! Kama binti hawezi kuja kwenye Krismasi, Krismasi itapanda basi. Vitu vyote ninavyo, kazi ni kupika na kufunga. Baba Watoto atabeba sufuria. Amelalamika mgongo. Nimemkumbusha kuwa mgongo huo haukuuma alipoinamia sanduku la biskuti.

Alhamisi, 25 Desemba

Tumefika na wali, kuku na biskuti. Binti ndani ya sare nyeupe, watu wazima wanamkimbilia, dada hiki, dada kile! Nimemwambia kila mgonjwa aliyekuwa macho kuwa yule ni wa kwangu. Hatimaye akapata muda wa chai. Tukaketi kwenye benchi nje ya wodi. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima. Sijamaliza la kwanza, kichwa chake kikaniangukia begani. Kalala! Sahani mkononi! Nikaipokea sahani, sikutikisika. Mzito vilevile kama alipokuwa mdogo.

Mara matroni huyo. Nikawahi kumwambia kuwa binti hajalala, anaomba. Matroni akautazama ule mdomo uliokuwa wazi, akanong'ona kuwa tumwache amalize sala, wodi ataishika yeye. Mungu ampe maisha marefu.

Matroni akala kuku amesimama. Akauliza nani kanisaidia kupika. Nikasema hakuna, nilianza Oktoba, sikutoka hata tone la jasho, na kwamba kwangu mimi kulisha wodi nzima ni kama kunywa maji. Matroni akatoa kalamu mfukoni. Krismasi ijayo nitapika mimi, wauguzi na wagonjwa wote! Nikaongeza kwamba kwetu uchovu haupo, ukoo mzima. Akataka jina la mwingine. Nikamtaja Wifi. Kaandikwa kuosha vyombo.

Binti alipoamka na kuelezwa, alijifunika uso kwa viganja, akaniomba nisimsifie mtu yeyote tena, hata kwa bahati mbaya. Kuona haya huko kakutoa upande wa baba yake.

Hospitali nzima, na wamenichagua mimi! Wifi bado hajui. Namsikia ng'ambo ya ukuta, anaimba. Ngoja nikampe hongera zake.