Kiti cha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Juni
Mama wa mchumba wangu bado hajaridhika nami. Eti kinyozi gani nywele timutimu? Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Hakucheka. Jumapili anatoa jibu: ndiyo au hapana. Nikimkosa binti huyu, sioi tena.

Lakini kichwa kimefanya kazi. Mama hupanda basi la asubuhi pale sokoni, na siku zote limejaa. Nitapandia mwanzo wa safari, nikae mbele, akiingia nimpishe. Heshima hiyo ataikataaje? Namshukuru Mungu kwa akili hizi.

Jumatano, 5 Juni
Mpango umeota mbawa. Kituo cha pili kaingia babu na mkongojo. Nikampisha, ningefanyaje? Mama alipopanda nilikuwa nimebanwa nyuma, uso kwenye kwapa la mtu. Hakuniona. Babu alinishukuru mpaka anashuka. Asante yake haiozeshi.

Alhamisi, 6 Juni
Leo nimefumba macho tangu mwanzo. Aliyelala usimwamshe. Dada mjamzito akasimama ubavuni kwangu, anahema. Roho iliniuma. Nikakoroma ili nisimsikie.

Sokoni nikaruka. Shikamoo mama, karibu ukae! Mama akamshika yule dada mkono, akamketisha yeye. Kisha akaniitikia marahaba, na pole kwa usingizi. Kumbe akiwa kituoni aliniona dirishani nikichungulia kwa jicho moja. Basi zima likaangua kicheko.

Nimekwisha. Yule dada aliposhuka nikambebea begi hadi mlango wa zahanati. Nisingeweza kubaki mle ndani.

Jumapili, 9 Juni
Amekubali! Nimelia mbele ya wakwe bila haya.

Mama alimsimulia mumewe yote, pamoja na kukoroma. Nikatamani ardhi ipasuke. Halafu akasema alinitazama kupitia dirisha la basi nikivuka barabara na lile begi, nimemshika dada wa watu mkono, na mtu wa hivyo anarekebishika. Ombi lake moja tu: niache vituko. Nimeahidi kwa moyo mmoja. Sina cha kumlipa mama huyu.

Baba ndiye bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Nasikia hupanda basi la jioni. Nimeshaongea na fundi viatu, jirani yangu kazini. Kesho atakaa kiti cha mbele, ajifanye amelala. Baba akipanda, nimwamshe fundi nimfundishe adabu ya kumpisha mzee.